Viatu vya Kushoto vya Jamhuri ya Pitapita

Jamhuri ya Pitapita naijua kuliko wote wanaojidai kuijua. Naijua milima yake, naijua mageti yake, na mawaziri wake nawajua kwa majina wanayoitwa na mama zao. Kufika, kusema kweli, sijafika. Niliipita mara moja tu, nimelala juu ya magunia ya vitunguu, na nilipoamka nilikuwa nimelala juu ya mbao za lori. Lakini anayetaka kuifahamu nchi ile anahitaji nini zaidi ya hapo?

Pitapita ni nchi iliyojaliwa bandari mbele na majirani nyuma. Kila kinacholiwa, kinachovaliwa na kinachowashwa huko nyuma, hasa katika nchi ya Ukavu isiyo na bahari hata ya kunawa uso, sharti kipite Pitapita juu ya lori. Na Wapitapita ni watu wakarimu. Hawapendi kitu kipite kwao bila kukikaribisha ndani.

Wizi wa mizigo kule si aibu, una wizara yake. Inaitwa Wizara ya Mizigo na Mwenendo Wake, na waziri wake ni Mheshimiwa Matamvua Kapondo, mtu mwenye tumbo la heshima, na sauti ya kuhutubia umati hata akiwa anaomba chumvi mezani. Kila mwaka husimama Bungeni kusoma hali ya wizi.

"Mheshimiwa Spika," alinguruma mwaka huo ninaousimulia, "mwaka juzi wezi walikuwa wanaiba mzigo na kuacha kontena. Mwaka jana wakawa wanaiba kontena na kuacha lori. Mwaka huu wanaiba lori zima, dereva wanamwacha barabarani. Huu ni ushahidi kwamba katika nchi yetu utu unathaminiwa kuliko mali!"

Meza zikapigwa.

"Aidha, wizi wa usiku umeshuka sana. Wote umehamia mchana, na taifa linaokoa umeme!"

Meza zikapigwa, nyingine zikalegea miguu.

"Changamoto iliyobaki, Mheshimiwa Spika, ni wezi kutoka nchi jirani, wanaovuka mpaka bila vibali na kuwanyang'anya wezi wetu wazawa ajira zao. Hilo serikali haitalifumbia macho!"

Hapo mbunge mmoja alitoa leso akalia.

Lakini fahari kubwa ya wizara ile ni lakiri. Lakiri ni kile kikufuli cha chuma chenye namba, kinachobanwa kwenye mlango wa kontena kule bandarini, kisikatwe mpaka mzigo ufike kwa mwenyewe. Nchi nyingine hutumia lakiri kulinda mzigo. Pitapita waliona hiyo ni kazi kubwa, wakaona afadhali walinde lakiri yenyewe. Sheria yao inasema: mzigo ambao lakiri yake haijakatwa, haujaibwa. Basi. Na wezi wa kule, ambao ni watu watiifu wa sheria, hawaigusi lakiri hata kwa ukucha. Wanang'oa bawaba za upande wa pili, wanaufungua mlango kinyumenyume, wanachukua walichokusudia, wanazirudisha bawaba mahali pake. Wengine huipangusa lakiri vumbi kabla ya kuondoka.

*

Basi huko Ukavu alikuwako mwanamke mmoja, Bi Sikuzani Makumbuli, mwenye duka la viatu vya ngozi vya kiume. Mumewe aliaga kwenda kununua sigara, akapata mke huko huko dukani, na tangu hapo lile duka la viatu ndilo likawa mume, ndilo likawa watoto, ndilo likawa pensheni. Alikuwa amekwisha kuibiwa Pitapita mara nyingi hata akawa anawajua wezi kwa namna wanavyofunga bawaba. Safari hii akakaa akafikiri, akaja na akili yake mpya: viatu vyote vya kushoto akavitia katika kontena moja, vyote vya kulia katika kontena jingine, na makontena yakasafiri mbalimbali.

"Mwizi atafanya nini na mguu mmoja?" alimwambia dereva wake, Kingalu, huku anacheka peke yake.

"Bi mkubwa," alisema Kingalu, "wewe huwajui Wapitapita."

Kontena la viatu vya kulia likafika limejaa. Wezi walikuwa wamekwenda kwenye maziko siku ile. La kushoto nalo likafika, lakiri inameta kama pete ya uchumba. Wakaikata, wakafungua. Ndani mlikuwa na harufu ya ngozi mpya, na ufagio.

"Wamefagia," alisema Kingalu kwa heshima.

Bi Sikuzani akakaa chini palepale mlangoni mwa kontena. Msimu wa harusi ulikuwa unakaribia, na msimu huo ndio unaolisha duka lake mwaka mzima. Wanaume wa mji wote walikuwa wamekwisha kupimwa miguu. Sasa bibi harusi gani atakubali kuolewa na mtu aliyevaa kiatu kimoja? Vya kushoto visipopatikana kabla ya msimu, duka ndiyo basi tena, na yeye ataonekana sokoni akiuza maandazi kwa wale wale aliokuwa akiwavisha.

"Nakwenda kuvifuata," akasema.

"Kwenda wapi?"

"Pitapita."

"Nenda na ufagio wao," alisema Kingalu, "wasije wakasema nasi ni wezi."

*

Mkuu wa Lakiri wa Pitapita aliitwa Bwana Chubwi. Bi Sikuzani alipoingia ofisini kwake alingoja aamkiwe shikamoo, kwa kuwa angeweza kumzaa. Bwana Chubwi naye akangoja yake, kwa kuwa alikuwa na kiti kinachozunguka. Walipochoka kungojana wakaulizana habari za asubuhi.

"Mzigo wangu umeibwa," alisema Bi Sikuzani.

"Lakiri imekatwa?"

"Haijakatwa."

"Basi umefika salama. Hongera sana, mama."

"Umefika wapi, nami nimekuta kontena tupu?"

Bwana Chubwi akafumba macho kama mtu anayemvumilia mtoto. "Huo utupu umefika ukiwa na lakiri yake?"

"Ndiyo."

"Umeukuta wote?"

"Utupu?"

"Nakuuliza, haukupungua?"

"Utapunguaje?"

"Unaona sasa! Wizara imeufikisha kama ulivyokuwa. Wengine wangeshukuru."

Bi Sikuzani akabadili sauti, akaifanya laini ya kubembeleza. "Baba, mimi nina duka moja tu duniani. Niambie tu, mtu afanye nini hapa kwenu ili arudishiwe chake?"

"Kama ulitaka kusaidiwa ungeibiwa vizuri. Wewe umeibiwa kinyume cha utaratibu." Akatazama huku na huku, akainama mezani. "Njia iko moja. Tuna mkataba na nchi yenu. Mtu wa hapa akitamka mbele ya balozi wenu kwamba mzigo fulani upo nchini, na akataja mahali ulipo, balozi akasikia kwa masikio yake mwenyewe, hatuna budi kuurudisha kabla jua halijazama. Tulisaini siku moja tuliyopewa chakula kizuri."

"Na nani atakayetamka?"

"Hapo ndipo uzuri wa mkataba," alisema Bwana Chubwi, akacheka mpaka kiti kikazunguka.

Akainuka kumsindikiza mgeni. Alitembea kama bata anayekanyaga makaa. Bi Sikuzani akatupa jicho sakafuni, jicho la mtu aliyeuza viatu maisha yake yote. Ngozi ya kahawia, nyuzi nyeupe ukingoni, kisigino cha mbao. Viatu vyake! Na vyote viwili vya kushoto. Ncha zote mbili zinatazama dirishani, mwenyewe anatazama mlangoni.

"Mguu una nini, baba?"

"Baridi yabisi," alisema Bwana Chubwi. "Ya ghafla."

*

Nje, Bi Sikuzani alikuta mji mzima una baridi yabisi.

Makarani walikuwa wanashuka ngazi kwa ubavu, kama kaa. Trafiki alikuwa akisimamisha magari ya upande huu huku miguu yake imekwisha kuondoka kwenda upande ule. Hakimu alibebwa kuingizwa mahakamani, na waliombeba walichechemea pia, hata kesi ikaanza kwa kumwokota. Viatu viliwaumiza, ndiyo, lakini vilikuwa vipya na vinang'aa, na Mpitapita hawezi kuacha kitu kipya kwa sababu ndogo kama maumivu.

Wiki ile ile kulikuwa na gwaride la Sikukuu ya Bandari. Askari walitoka vizuri kwa ngoma na matarumbeta, lakini kila hatua ikawa inawavuta kulia, kulia, kulia, mpaka gwaride likaacha jukwaa la Rais likaingia sokoni, likapita katikati ya nyanya, likatokea upande wa machinjio. Rais aliyekuwa amesimama kupokea saluti alipigiwa saluti na barabara tupu, akaipokea.

Serikali haikukaa kimya. Iliunda Tume ya Kuchechemea. Tume ilizunguka nchi nzima kwa magari, kwa kuwa wajumbe wake hawakuweza kutembea, ikarudi na kusema kwamba chanzo ni mwezi. Na Mheshimiwa Matamvua Kapondo akatoka redioni: "Ndugu wananchi, tusibabaike! Huu si ugonjwa. Huu ni Mwendo wa Kitaifa. Nchi zilizoendelea zote zina mwendo wake!" Kesho yake watoto wa shule wakaanza kufundishwa.

Bi Sikuzani alisikia hotuba ile akiwa amekaa kwenye benchi la mama mmoja muuza uji. Akacheka mpaka uji ukamtoka puani.

"Unacheka nini, dada?" muuza uji akamuuliza.

"Nacheka viatu vyangu. Kumbe havikupotea, vimekwenda kuajiriwa serikalini."

*

Akampelekea Kingalu salamu: pakia viatu vyote vya kulia, uje navyo Pitapita.

"Bi mkubwa, umechanganyikiwa?" Kingalu alijibu. "Hivyo ndivyo tulivyobakiwa navyo! Wakivichukua na hivyo?"

"Pakia kwenye lori la wazi. Usifunike. Na usitie lakiri."

Kingalu akaja, roho mkononi. Geti la kwanza askari akazunguka lori, akachungulia, akauliza, "Lakiri iko wapi?"

"Haina."

"Aa, takataka. Pita."

Geti la pili hivyo hivyo. Pale porini ambapo malori hukaribishwa, wezi wenyewe walisimama barabarani, wakaona lori halina lakiri, wakasikitika. Mmoja akamrushia Kingalu ndizi. "Pole ndugu yetu, siku hizi biashara ngumu kwa kila mtu."

Bi Sikuzani akapanga mzigo wake kwenye meza za kukodi, barabarani, kuikabili Wizara ya Mizigo na Mwenendo Wake meza kwa dirisha. Akaweka ubao: VIATU VYA KULIA TU. VYA KUSHOTO KILA MTU NA VYAKE.

Kwanza walikuwa wanapita mbali, wanatazama pembeni kama wanaoona mkwe anaoga. Kisha trafiki akashindwa, akaja.

"Mama, nipe kimoja cha kulia. Changu kililiwa na mbwa."

"Pole, mwanangu. Na cha kushoto ulikitoa wapi?"

"Nilirithi."

"Kwa nani?"

"Kwa babu."

"Babu yako alikufa lini?"

"Hajafa," alisema trafiki, jasho linamtoka. "Ni mtu wa kujiandaa mapema."

"Basi kamlete babu, aje aniambie alikonunua. Siuzi kwa asiyejua cha kushoto kilikotoka."

Ikawa hivyo kutwa nzima. Karani alisema cha kulia kilitumbukia chooni. Hakimu alituma kusema chake kimeshikiliwa kama kielelezo. Bwana Chubwi alikuja amejifunika kitenge cha mkewe, akasema yeye ni mama mjane.

"Mjane wa nani?" akauliza Bi Sikuzani.

"Wa Bwana Chubwi."

"Alikufa na nini, maskini?"

"Baridi yabisi," alisema Bwana Chubwi, akaondoka kwa huzuni, kwa maana alikuwa amejisikitikia kweli.

Hata mmoja hakutaja neno la kumwitia balozi aje asikie. Siku zikaenda, msimu wa harusi ukawa unabisha hodi huko Ukavu, na meza za kukodi zinataka kurudi kwa wenyewe. Kingalu akawa hali, halali. "Bi mkubwa, hawa hawatasema. Hawa wangekubali kukatwa mguu kuliko kusema."

"Subiri," alisema Bi Sikuzani, lakini usoni hakuwa na mzaha tena. "Bado hajaja mwenye miguu mizito."

*

Wakati huo huo ukafika Mkutano Mkuu wa Kikanda wa Usalama wa Mizigo Safarini. Pitapita ilichaguliwa kuwa mwenyeji kwa sababu ya uzoefu. Wajumbe walitua kutoka nchi zote za jirani. Mabegi yao yalichelewa, lakini lakiri za mabegi zilifika mapema na kukabidhiwa kwa hafla fupi.

Siku ya ufunguzi, Mheshimiwa Matamvua Kapondo alitakiwa atembee juu ya zulia jekundu, mbele ya mabalozi na kamera, kutoka mlangoni mpaka kwenye kipaza sauti. Alikuwa amefanya mazoezi nyumbani. Kila mara zulia lilikwenda mbele, yeye akaenda kwenye maua. Viatu vyake vya zamani alikuwa amevigawa kwa maskini mbele ya kamera, na maskini walikuwa wamekwisha kuviuza. Kama angeanguka mbele ya mabalozi, uwaziri ungeanguka naye.

Basi wajumbe walipokuwa wanakunywa chai kwenye uwanja wa mbele wa Wizara, mahali pa mkutano, Waziri akavuka barabara kwa siri, na ving'ora viwili tu.

"Mama," alisema, akijitahidi kunong'ona, na sauti ikafika mpaka kwenye vikombe vya chai. "Nimekuja kwa niaba ya baba yangu mzazi."

"Karibu, mheshimiwa," alisema Bi Sikuzani. "Cha kushoto mzee alikitoa wapi?"

"Cha kushoto hana haja nacho." Waziri akatabasamu kama mtu aliyepata jawabu usingizini. "Baba yangu ana mguu mmoja tu. Wa kulia."

Bi Sikuzani akashika kichwa. "Ya Rabi! Wa kushoto ulikwenda wapi?"

"Vitani."

Pitapita haijawahi kupigana vita na mtu yeyote, hupitwa tu. Lakini Bi Sikuzani hakubisha. Aliwaona wajumbe wamegeuza shingo, na kati yao balozi wa Ukavu, mama mfupi mwenye miwani, anakuja na kikombe chake mkononi. Akapaza sauti: "Vitani! Jamani, baba wa Waziri ni shujaa! Njooni msikie! Vita gani, mheshimiwa?"

Waziri akaona watu, na akiona watu hawezi kujizuia. "Vita vya Daraja!" akanguruma. "Walikuwa wanakuja kulivunja, baba akasimama peke yake! Mguu ukabaki darajani, daraja likabaki kwa taifa!"

"Na mzee anataka kiatu kimoja?"

"Vingi. Ni mtu wa kubadilisha."

"Saizi gani?"

"Yangu. Na saizi ya katibu wangu. Na ya mkuu wa polisi." Akaona Bi Sikuzani anamkodolea macho. "Ule mguu uliobaki huvimba na kupungua, kutegemea hali ya hewa."

"Na ule uliokatika," aliuliza Bi Sikuzani taratibu, "mliuzika, au uliachwa tu hivi hivi?"

"Ulizikwa kwa heshima zote za kitaifa! Mizinga ilipigwa! Mimi mwenyewe nilitupa udongo."

Balozi wa Ukavu akaweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa huruma, na miwani ilikuwa imeingia ukungu. "Mheshimiwa Waziri," alisema, "sisi wa Ukavu hatukujua. Naomba kwa niaba ya ukanda mzima tusimame dakika moja tuuombolezee mguu huo."

Waziri angekataaje? Wajumbe wakasimama barabarani. Trafiki akasimamisha magari. Bwana Chubwi, aliyekuwa anachungulia dirishani, akavua kofia. Vichwa vyote vikainama, na cha Waziri kikainama kuliko vyote, mpaka chozi likamdondoka kweli, kwa kuwa alikuwa ameanza kuukumbuka ule mguu.

Pakawa kimya. Ndipo ikasikika sauti ya kizee.

"We Matamvua!"

Hakuna aliyeinua kichwa. Walidhani imo katika ratiba.

"Matamvua! Nakuita!" Mzee Kapondo alikuwa anavuka barabara kwa miguu miwili, mwepesi kama jogoo, viatu viwili vya kushoto vinamvuta pembeni naye anavirudisha kwa matusi. "Nimeambiwa vya kulia vinauzwa huku, nawe hunambii! Umenijazia vya kushoto chumbani mwangu mpaka dirisha halifunguki, nalala juu ya maboksi kama mzigo! Uje uvitoe leo leo!"

Balozi wa Ukavu akainua kichwa polepole. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akamtazama mzee juu mpaka chini, kisha macho yakabaki chini, kwenye viatu; na masikio yake mwenyewe yalikuwa yamekwisha kusikia vilipo vingine.

Mzee Kapondo ndipo akaona watu wamesimama kimya, kofia mikononi. Naye akavua yake.

"Oo, nisameheni jamani. Nani kafa?"

"Mguu wako, mzee wangu," alisema Bi Sikuzani kwa upole. "Wa kushoto. Kwenye Vita vya Daraja."

Mzee akautazama mguu wake wa kushoto. Akaupigapiga chini. Akautazama na wa kulia, kama wenyewe una habari yoyote.

"Nani kawaambia?"

Watu wote wakamgeukia Waziri. Yeye peke yake alikuwa bado ameinamisha kichwa, macho ameyafumba.

"Dakika," alisema, "haijaisha."